Kambale Thelathini na Saba wa Mariette Katungu

Mwanafunzi anayekwenda kwa Mariette Katungu, mjini Butembo, ili kujifunza kuandika kurasa za tovuti, hupewa siku ya kwanza kazi ambayo hakuitarajia. Huketishwa mbele ya ukurasa wa zamani wenye majina mia tatu na kumi na mawili, kila jina likiwa kiungo, akaambiwa abofye kiungo kimoja kimoja kwa mkono wake mwenyewe na kuandika katika daftari mahali kilipompeleka. Kazi hiyo humaliza asubuhi yote. Wapo wanaonung'unika kwamba walikuja kujifunza mambo mapya, si kukagua majina ya watu wa zamani. Mariette huwaacha wanung'unike. Yeye mwenyewe aliukwepa uchovu huo mwaka 2003, na kwa sababu aliukwepa, mama mmoja alikaribia kuvuka mpaka na kumwacha nyuma mwanawe aliye hai.

Mariette ni binti wa wakulima wa viazi wa upande wa Lubero. Alisoma sekondari Butembo, ambako nilimfundisha Kilatini kwa miaka miwili. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Ninalokumbuka ni kwamba hakuweza kuvumilia kosa moja katika ukurasa. Wenzake walifuta na kuandika juu yake. Yeye alichana karatasi akaanza upya, hata karatasi zilipokuwa adimu. Baada ya masomo akawa mpiga chapa katika ofisi ya kanisa, na kwa miaka tisa akapiga kwa mashine ile ile barua za wachungaji, vyeti vya ubatizo na taarifa za vikao. Kanisa lilipoletewa kompyuta na marafiki wa mbali, wakubwa waliitazama kwa heshima na kuifunika kwa kitambaa. Mariette ndiye aliyeondoa kitambaa.

Wakati huo fundi mmoja aitwaye Jéthro, aliyesomea kazi yake Kampala, alikuwa amefungua chumba cha intaneti juu ya duka la vitambaa, na sahani kubwa ya satelaiti ikatundikwa juu ya bati. Mvua ikinyesha, mawasiliano yalikatika. Na Butembo mvua hainyeshi mara chache. Jéthro alimpa Mariette fotokopi ya kitabu cha Kifaransa cha kurasa sitini, ambayo ukurasa wa kumi na tisa haukuwamo. Kutoka humo alijifunza kwamba ukurasa wa tovuti ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama, na kwamba kila alama iliyofunguliwa inapaswa kufungwa mahali pake. Jambo hilo halikumpa shida. Sentensi ndefu za Kilatini zilikuwa zimemzoesha kungoja mwisho.

Makosa yake ya kwanza yalikuwa makosa ya kila anayeanza. Aliandika jina la Jéthro, na mashine ya Kampala ikalionyesha likiwa na takataka mahali pa herufi yenye alama juu yake.

"Mama Mariette," Jéthro alimwambia, "papa yangu alilipa mbuzi ya ubatizo juu ya hii jina, na weye unaiharibu bure."

Akamwonyesha namna ya kuandika J&eacute;thro, ambayo mashine zote za wakati ule zilielewa. Siku nyingine aliweka picha ya jengo la kanisa, akaandika width="120" ili iwe ndogo, kisha akashangaa kwamba ukurasa bado ulichukua dakika saba kufunguka. Jéthro akamweleza kwamba maneno yale hupunguza upana wa picha machoni pa msomaji tu. Uzito wake hubaki ule ule, na satelaiti hubeba uzito, haibebi upana. Picha hupunguzwa kwanza ndani ya kompyuta, ndipo ipelekwe. Mambo hayo mawili Mariette aliyaandika ndani ya jalada la fotokopi yake, na mpaka leo ndiyo masomo ya siku ya pili na ya tatu kwa wanafunzi wake.

Mwishoni mwa mwaka 2002 vita vya upande wa Mambasa viliwafukuza watu kwa maelfu. Wengi walitembea kuelekea kusini kwa barabara, wakapitia Eringeti na Oicha, wakafika Beni. Wengine, waliozuiwa na risasi wasiifikie barabara, waliingia msituni, wakatokea baada ya wiki mbili au tatu huko Manguredjipa, kwenye machimbo ya dhahabu, na kutoka hapo wakaletwa Butembo. Kati ya misafara hiyo miwili ulilala msitu mzima. Mama alitokea Beni, mtoto akatokea Manguredjipa, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake yu hai.

Katika kila mahali kanisa liliweka mtu wa kuandika. Huko Manguredjipa alikuwa mwinjilisti Ézéchias, mtu wa maneno machache na mwandiko mdogo kama wa mchwa. Orodha ya Beni ilibandikwa kwenye milango ya makanisa ya Beni, na orodha ya Manguredjipa kwenye milango ya Butembo. Hapakuwa na mlango uliobandikwa zote mbili. Tena baba wengi hawakuwa huku wala huko, maana vita viliwakuta Kampala, Nairobi au Dubai wakitafuta bidhaa. Mariette, aliyepewa daftari zote azipige chapa, aliwaza kwamba ukurasa mmoja wa tovuti ungeweza kuwa mlango ambao kila mtu anausoma.

Alifikiri vizuri kuhusu msomaji wake. Alijua kwamba mtu aliyeketi katika chumba cha intaneti ana muda mfupi na mtandao mzito. Basi akapanga ukurasa uonyeshe majina matupu, na msomaji akibofya jina, habari za mtu huyo zitokee pembeni bila kungoja satelaiti tena. Habari zote aliziweka katika faili moja, mstari kwa kila mtu, namna hii:

watu["kambale"] = "Miaka 8. Kutoka PK 24. Yuko Butembo.";

PK 24 ni kijiji cha kilomita ya ishirini na nne barabarani. Maana ya mstari huo ni nyepesi. Mashine hutenga droo, huiandika kambale, na ndani yake huweka karatasi yenye habari. Msomaji akibofya Kambale, droo hufunguliwa. Mfano huo ulitoka katika kitabu cha Kifaransa, ambacho watu wake walikuwa na majina kama Dupont na Lemoine, kila mmoja na lake.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa letu sisi Wanande. Kwetu mtoto hupata jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea; wasichana nao wana mfululizo wao. Ndani ya nyumba, Kambale ni mmoja tu. Mama akiita Kambale kutoka jikoni, hawaji wawili. Aliyekulia katika desturi hiyo huhisi kwamba Kambale ni jina linalomtaja mtu kikamilifu, na Mariette alikuwa amelihisi hivyo tangu utoto. Warumi nao walikuwa na akina Quintus na Sextus, watoto wa tano na wa sita, lakini waliwaongezea jina la ukoo na la tawi la ukoo; nilimfundisha hayo mwenyewe, na wala mimi wala yeye hatukuyakumbuka yalipohitajika.

Katika daftari zile mbili walikuwamo Kambale thelathini na saba. Mashine ilitengeneza droo moja. Kila Kambale mpya alipowekwa, yule wa awali alitupwa nje bila swali wala onyo, mpaka akabaki wa mwisho katika orodha, mtoto wa miaka minne kutoka Kamango. Mariette alipofungua faili yake aliona mistari yote mia tatu na kumi na miwili ikiwa imesimama salama, mmoja chini ya mwingine. Alibofya majina kama ishirini, moja katika kila herufi. Alibofya Kambale, akatokea Kambale. Akaridhika.

Ukurasa uliwekwa hewani mwezi wa pili. Katika wiki tatu watu tisa walipata watu wao, na katika ofisi ya kanisa waliimba. Kisha, siku ya Alhamisi, Jéthro alimwita Mariette juu ya duka la vitambaa asome barua iliyotoka Kampala.

"Mama Mariette, salamu mu jina ya Bwana. Ni miye Malachie, minauzisha bitambaa huku. Bibi yangu Hulda iko Beni ku kiwanja ya kanisa na mutoto wetu mudogo. Mukubwa, Kambale, wa myaka munane, alipoteaka ku PK 24 siku ya masasi. Niliona ba Kambale ni mingi ku liste yenu, nikafurahi. Nilifinya ya kwanza, nikakuta mutoto wa myaka mine wa Kamango. Nilifinya ya pili, ni ule ule. Nilifinya bote mpaka saa yangu ikaisha, ni ule ule. Donc wangu haiko. Nimetuma habari kwa Hulda apande camion ya siku ya posho, avuke Kasindi, akuje tulie mutoto pamoja. Hatutarudia kule tena. Mungu abariki kazi yenu."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, na Kasindi ni mpaka wa kwenda Kampala. Mariette aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama. Kisha akaketi, akafungua ukurasa wake mwenyewe, akabofya Kambale wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikwenda hivyo hadi wa thelathini na saba, na kila mara mtoto wa Kamango alitokea pembeni, miaka ile ile minne.

"Jéthro," alisema, "huyu mutoto ananifuata kila fasi."

Jéthro aliinama, akatazama faili kwa muda, akaanza kucheka kidogo, kisha akaacha alipouona uso wake. "Mama, mashine ni kama muzungu mwenye kufika jana. Kwake ba Kambale bote ni mutu mumoja."

"Na ba Kasereka?"

Alibofya. Kasereka ishirini na wanane walikuwa Kasereka mmoja. Kakule vivyo hivyo. Kati ya watu mia tatu na kumi na wawili, mashine ilikuwa imehifadhi mia moja na wanne, na wengine wote ukurasa ulikuwa umewataja kwa jina na kuwanyima habari zao. Mariette hakulia. Aliuliza kama jenereta ya Jéthro ina mafuta ya siku nzima.

"Tuongeze namba tu," Jéthro alisema. "Kambale moja, Kambale mbili, Kambale tatu. Ni kazi ya saa moja."

Mariette alifikiri, akatikisa kichwa. "Kesho Ézéchias ataleta kaye ingine ya majina. Nitapanga majina upya, Kambale tano anakuwa Kambale saba. Na mutu wa Dubai mwenye aliandika Kambale tano ku karatasi, atamupata mutoto wa nani?"

"Basi unataka namba gani?"

"Namba yenye haitembei."

Akaipata katika daftari zenyewe. Kila mtu alikuwa ameandikwa mahali fulani, katika daftari fulani, ukurasa fulani, mstari fulani, na wino haubadili mahali. Mtu wa mstari wa kumi na moja, ukurasa wa nne, daftari la Manguredjipa, akawa mg-04-11. Jina lake likabaki jina, la kusomwa na binadamu. Namba ikawa ya mashine. Na kwa kuwa hakuiamini tena mashine inayotupa watu kimyakimya, Jéthro alimwandikia mlinzi wa droo:

function weka(namba, habari) {
  if (watu[namba]) {
    alert("Imekwisha tumika: " + namba);
    return;
  }
  watu[namba] = habari;
}

Tangu hapo, habari zikitaka kuingia katika droo yenye mtu, mashine hukataa na kupiga kelele. Mistari hiyo michache ndiyo Mariette huwafundisha wanafunzi wake kabla ya rangi na mapambo.

Lakini kuurekebisha ukurasa hakukutosha. Malachie aliingia chumba cha intaneti mara moja kwa wiki; barua ya Mariette ingemngoja hadi Alhamisi nyingine, na gari lilikuwa linaondoka keshokutwa. Hulda akishavuka Kasindi na kwenda katika mji asioujua, nani angempata tena? Tena palikuwa na ugumu mwingine. Mariette aliwatafuta katika daftari Kambale wote wa PK 24 na jirani zake wenye umri wa karibu miaka minane. Walikuwa watatu, na wote watatu, walipoulizwa jina la baba, walijibu Papa Mumbere. Mtoto wa kwetu hasikii baba yake akiitwa Malachie. Watu humwita kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza ni Mumbere, hata kama alikufa mchanga. Kumtangazia mama kwamba mwanawe yupo, kisha kumletea mtoto wa mwingine, ni ukatili usiosemeka.

Basi alirudi kwenye mwandiko wa mchwa wa Ézéchias, akausoma pembezoni, mahali ambapo yeye mwenyewe hakupiga chapa. Mfano wa kitabu cha Kifaransa ulikuwa na nafasi nne tu: jina, umri, atokako, aliko. Lolote lililozidi hapo alikuwa ameliacha. Kwa Kambale wa kwanza, Ézéchias alikuwa ameandika, "Alitaja jina lake na la baba, tangu hapo haongei." Kwa wa pili, "Alikuja na bibi mzee asiye jamaa yake." Kwa wa tatu, mg-04-11, "Ana kifuniko cha sufuria. Hakiachi hata akilala. Anasema habari ya majivu, sikuelewa."

Ijumaa saa moja asubuhi Mariette alikuwa mbele ya redio ya kanisa, ile tunayoiita foni, ambayo kwa miaka ya vita ilikuwa sauti pekee kati ya Butembo na Beni. Huko Beni alikuwapo Sadrack, mzee wa kanisa mwenye kupenda mzaha hata hewani. Katika foni, amalizaye kusema humwachia mwenzake zamu kwa À toi, na mazungumzo hufungwa kwa Terminé.

"Beni, Beni, hapa Butembo. Sadrack, unanipata? À toi."

"Nakupata muzuri, mama Mariette. Butembo iko baridi sana? Unaongea kama mutu iko ndani ya blanketi. À toi."

"Acha michezo leo, papa Sadrack. Natafuta mama moja anaitwa Hulda. Iko mu kiwanja ya kanisa. À toi."

"Ba Hulda tuko nabo wawili. Moja ni muzee, hana meno, anauliza kila siku kama kuna nyama. À toi."

"Ule mwenye kuwa na mutoto ku mugongo. Kesho anataka kupanda camion ya Kasindi. Usimuache apande mbele ya kuongea na miye. Umulete ku foni saa nane. À toi."

"Alishaweka bintu yake ku camion, mama. Anashinda pale asinyang'anywe nafasi. Nikimuita atakataa. Nimuambie ni nini? À toi."

Mariette akabonyeza kitufe. "Muambie ni juu ya Kambale."

"Kambale gani?"

"Njo ile nataka kumuuliza. Na usiongeze neno, papa Sadrack. Nakuomba."

Saa nane Hulda alifika. Hakuwa amewahi kuongea katika foni; alibonyeza kitufe akasahau kukiachilia, na kwa dakika nzima Butembo ilisikia kuku wa Beni, mtoto akikohoa, na Sadrack akimwelekeza kwa upole. Hatimaye hewa ikafunguka. Mariette alimsalimu kwa Kinande, akamwomba msamaha kwa kumtoa kwenye gari lake. Hakutaja mtoto. Mbele yake daftari lilikuwa wazi, na kidole chake kwenye mstari wa kumi na moja.

"Mama Hulda, siku mulikimbia, kila mutu alibeba nini? À toi."

"Miye?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kuulizwa. "Nilibeba sufuria ku kichwa, na unga kidogo ndani. Kasereka ku mugongo. Mukeka ilianguka ku njia, sikurudi kuiokota."

"Na Kambale?"

Redio ikavuma.

"Ule alikuwa nalia, anataka kubeba sufuria kama mukubwa. Nilimuambia hapana, ni muzito. Nilimupa kifuniko. Nilimuambia asikiache, kama sivyo tutakula majivu mu chakula. Nilikuwa nasema tu juu anyamaze." Kitufe kikaachiliwa, kikabonyezwa tena. Kisha, "Mama, mbona unaniuliza ile?"

Kabla ya kumjibu Mariette alikiondoa kidole chake kwenye daftari, akakirudisha, akasoma tena, kana kwamba wino ungeweza kubadilika.

"Mama Hulda, utoe bintu yako ku camion. Mutoto wako iko hapa Butembo, kwa mama moja wa kanisa, karibu na soko. Iko muzima. Kifuniko iko nayo. À toi."

Kilichosikika baadaye hakikuwa maneno, na kitufe kilikuwa kimeshikwa tena. Kisha sauti ya Sadrack ikaingia, bila mzaha hata kidogo. "Butembo, tumesikia. Tumesikia bote. Terminé."

Jumamosi gari la Kasindi liliondoka, na nafasi ya Hulda ikachukuliwa na mwingine. Jumatatu gari la kanisa lilimleta Butembo, kilomita hamsini na nne za matope, akiwa na Kasereka mgongoni na sufuria mapajani. Mariette alikuwa ametumia siku mbili hizo kumaliza ukurasa. Aliongeza nafasi ya tano na kuiita Mengine, akapiga chapa humo kila neno la pembezoni la Ézéchias, hata yale ambayo hayakuonekana kuwa na maana: nyimbo ambazo watoto waliimba, jina la mbwa, nguo iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Kisha akabofya vyote. Viungo mia tatu na kumi na viwili, kwa mkono wake, na Jéthro akiandika mahali kila kimoja kilipompeleka. Walikuta bado makosa matano.

Mtoto aliletwa ofisini na mama aliyemtunza, akiwa amevaa shati lililomzidi. Kwa kufuata utaratibu mpya, Mariette alikuwa amebandika kifuani pake karatasi ndogo. Mtoto hakukimbia kumkumbatia mama yake, kama watu wanavyopenda kusimulia. Alikwenda taratibu hadi kwenye sufuria iliyowekwa sakafuni, akaweka kifuniko juu yake. Hakikukaa sawa; msituni alikitumia kama mwavuli na kama sahani, na ukingo ulikuwa umepinda. Akakigeuza, akajaribu tena, akakikandamiza kwa viganja vyote viwili, kisha akamtazama mama yake kama mtu anayengoja kuulizwa kwa nini amechelewa.

"Iko muzuri," Hulda alisema. "Majivu haitaingia."

Ndipo alipopiga magoti akamshika, na Kasereka mgongoni akaanza kulia kwa kubanwa. Baadaye, alipotulia, aliona karatasi kifuani pa mwanawe. Hakujua kusoma sana, lakini alizitambua tarakimu. Akaibandua, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni mg-04-11," Mariette alijibu. "Ni namba yake mu mashine. Hakuna mutoto mwingine atapewa ile namba. Papa yake akiifinya kule Kampala, atamuona yeye, hatamuona mwingine."

Na ndivyo ilivyokuwa Alhamisi iliyofuata. Barua ya Malachie ilikuwa na maneno mawili, "Ni yeye," na chini yake ahadi ya kurudi kwa gari la kwanza. Lakini Jumatatu ile, ofisini, Hulda aliikunja karatasi mara mbili na kumrudishia Mariette mkononi, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

"Wasingya, mama," alisema, akimshukuru kwa Kinande. "Muibakishe ku mashine. Huyu ni Kambale."